Maji yanamdondokea jirani, ajenti anasema bomba ni langu

Kwako Mshauri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu. Nimepanga nyumba ya vyumba viwili katika ghorofa ya pili ya jengo moja mtaa wa Tudor, hapa Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa sita humo bila kukosa kodi hata mwezi mmoja. Kodi ni shilingi 18,000, nami huilipa kwa M-Pesa kwa nambari ya ajenti kabla ya tarehe 5. Mkataba wa maandishi sina. Siku niliyoingia nilitoa diposti ya mwezi mmoja, nikapewa risiti na funguo, yakaishia hapo.

Jengo letu lina maji ya aina mbili, kama majengo mengi ya mji huu. Maji matamu huja kwa zamu, na yakikatika tunanunua kwa mkokoteni. Maji ya kuogea na ya chooni ni ya kisima, ya chumvi, nayo hupandishwa hadi kwenye tangi lililo juu ya paa. Tangu Ramadhani iliyopita maji yamekuwa yakivuja chini ya bafu langu na kudondokea kwa jirani wa ghorofa ya kwanza. Kwangu mimi hakuonekani kitu, isipokuwa vigae viwili ambavyo vimeanza kucheza nikivikanyaga. Kwake nimekwenda kuona kwa macho yangu: dari ya bafu na ya ujia imeota madoa ya rangi ya chai, lipu imevimba kama andazi lililokolea hamira, na taa ya ujia hufifia wakati mwingine, ikazima yenyewe na kurudi. Ameweka beseni juu ya kigoda ili sauti ya matone isimkoseshe usingizi.

Jirani huyu ni mtu mzima, rika la mama yangu mzazi, nami humwita Bi Mkubwa. Miaka yote hiyo tulikuwa tukipelekeana futari. Sasa kila nikifungua mfereji husikia mpini wa ufagio ukigonga chini ya miguu yangu, na karibu kila magharibi husimama kwenye ngazi akitangaza kwamba watu wa juu wanaiogesha nyumba yake. Siku moja nilichoka nikamjibu kwamba kama hataki maji ya Mombasa, akakae Voi. Tangu siku hiyo hatuamkiani. Na malalamiko yameongezeka: sasa analalamikia pia charahani yangu, kwani mimi hushona madera na sare za shule nyumbani, na kazi ikinibana huendelea hadi saa 5 usiku.

Ajenti nilimwambia kwa mdomo tangu Ramadhani. Alikuja mara moja, akaitazama dari ya Bi Mkubwa, kisha akaniambia, "Bomba liko kwako, wewe ndiye unayelitumia, basi wewe ndiye wa kulitengeneza." Nilipozidi kumfuata akasema mwenye nyumba alifariki na warithi hawajakubaliana nani atoe pesa. Wiki iliyopita akanitumia ujumbe kwamba nina siku 7, ama nirekebishe ama nihame, kwa sababu majirani wanalalamika. Bi Mkubwa naye ananidai shilingi 12,000 za godoro na zulia vilivyoharibika.

Fundi niliyemleta anataka shilingi 26,000 kuvunja sakafu na kubadilisha bomba. Shemeji yangu ananishauri nisilipe kodi ya mwezi ujao, niitumie kumlipa fundi huyo, nao wakija nitawaonyesha risiti. Je, ana haki? Na je, wanaweza kunitoa kwa siku 7? Nifanye nini na huyu mama wa chini?

Mpangaji wa Ghorofa ya Pili, Tudor


Wa aleikum salaam, dada yangu.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo umelitaja kwa kupita, nalo ndilo lisiloweza kungoja hata kesho, yaani ile taa ya ujia inayofifia na kuwaka. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji matamu, na taa inayochezacheza chini ya dari iliyolowa ni dalili kwamba huenda yamefika kwenye nyaya. Shuka leo, hata kama hamuamkiani, au mtume mwanao mkubwa kwa adabu, umwombe Bi Mkubwa azime swichi ya taa za ujia kwenye kisanduku cha umeme na asiiguse tena mpaka aje fundi wa umeme mwenye leseni. Mwambie pia asilale wala asikae chini ya mahali palipovimba. Lipu iliyoachana na dari haitoi ilani kabla ya kuanguka, na kipande cha ukubwa wa sinia kinatosha kumvunja mtu bega.

Nikishasema hilo, naomba uvumilie jambo la kifundi kabla hatujafika kwenye sheria, kwa sababu jibu la nani alipe limefichwa humo. Bafu lina mabomba ya namna mbili: yale yanayoleta maji, ambayo muda wote yana msukumo wa tangi, na yale yanayotoa maji machafu, ambayo hupitisha maji unapooga tu. Fanya jaribio la siku mbili, ukiwa umekubaliana na Bi Mkubwa ahesabu matone kwa upande wake. Siku ya kwanza msioge katika bafu hilo kabisa, lakini koki ya kuingizia maji iacheni wazi. Yakiendelea kudondoka mchana na usiku, bomba linalovuja ni la kuingiza. Yakikatika, basi siku ya pili mwaga ndoo moja ya maji uliyoyatia rangi ya chakula katika shimo la bafu na umwombe aangalie: matone yakishuka na rangi, kosa liko kwenye bomba la kutolea maji au kwenye viungo vya vigae. Andikeni saa ya kila mlichokiona. Ukipata jibu la kwanza, funga koki hiyo kila mnapomaliza kuoga, ili dari ya mwenzako ipumzike wakati mambo mengine yakishughulikiwa.

Kwa maelezo yako mimi ninashuku bomba la chuma. Maji ya kisima cha Pwani hula mabomba ya chuma kutoka ndani kuelekea nje, na madoa ya rangi ya chai uliyoyaona huenda ni kutu. Kutu hiyo ikiwa ni ya bomba, ni afadhali. Ikiwa ni ya nondo zilizomo ndani ya zege, jambo ni kubwa zaidi, kwa maana chumvi ikipenya hadi kwenye nondo huzifanya zishike kutu na kufura, nazo zikifura hulipasua zege lililozizunguka na kulimegua vipande vipande. Fundi atakayekuja asiishie kubadilisha bomba. Ainue macho aiangalie dari ya chini pia, aigonge taratibu, na penye mlio wa kitu chenye uwazi ndani pabanduliwe paonekane.

Sasa, ajenti amekuambia kwamba anayelitumia bomba ndiye wa kulitengeneza. Maneno hayo yana mapigo mazuri ya methali, ila si sheria ya Kenya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 65, inamwekea mwenye nyumba masharti ambayo yanahesabiwa kuwamo katika kila upangaji hata kama hakuna aliyeyaandika. Pale ambapo kilichopangishwa ni sehemu tu ya jengo, kama nyumba yako, ni juu yake kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mabomba makuu ya maji machafu na sehemu zinazotumiwa na wote. Na pale ambapo kilichopangishwa ni makao ya mtu, ni juu yake kuhakikisha kwamba makao hayo yanafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuingia na kwa muda wote wa upangaji. Bomba lililozikwa ndani ya sakafu ya zege, lililowekwa kabla hujaingia na kuliwa na chumvi ya kisima ambacho hukukichimba wewe, sioni vipi litageuzwa kuwa jukumu la mpangaji.

Hata hivyo sitakuficha upande wa pili. Kifungu kinachofuata, cha 66, kinamtaka mpangaji naye aitunze nyumba katika hali ya kufaa, ingawa hakimbebeshi uchakavu wa kawaida. Kwa hiyo kama jaribio la rangi litaonyesha kwamba bomba la kutolea maji limezibwa na nywele, vitambaa na mabaki ya nyuzi za ushonaji, gharama ya kulizibua ni yako, tena uilipe bila kinyongo. Ndiyo maana nilisisitiza jaribio lile.

Kuhusu kutokuwa na mkataba, usitishwe nako. Sheria hiyo hiyo inautambua upangaji wa muda mfupi uliofanywa kwa mdomo, na mtu anayelipa kodi kila mwezi ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Risiti yako ya diposti pamoja na kumbukumbu za M-Pesa za miaka yote hiyo zinatosha kuonyesha wewe ni nani katika jengo hilo. Mpangaji wa aina yako hutakiwa kupewa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha kodi, yaani mwezi mzima, na hata baada ya notisi sahihi hakuna mwenye ruhusa ya kukutolea vyombo kwenye ngazi, kukufungia mlango kwa kufuli au kukukatia maji kwa nguvu zake mwenyewe. Anayekutaka utoke na wewe hutaki anapaswa kwenda mahakamani. Ujumbe wa siku 7 aliokutumia haufiki kipimo hicho. Usiufute! Ni ushahidi mzuri, kwani ndani yake ajenti amekiri kwa mkono wake kwamba anajua kuna uharibifu. Na ikitokea ukarudi kutoka sokoni ukakuta kufuli jipya mlangoni, usilivunje. Nenda kituo cha polisi uandikishe tukio na upewe nambari yake.

Juu ya warithi, ninakuonea huruma, kwa sababu kisa hiki ninakisoma mara nyingi mno katika barua zinazotoka mitaa ya kisiwani. Mzee amefariki, ameacha gorofa na watoto wa tumbo tatu, mirathi iko kwa Kadhi au bado haijafikishwa popote, na kila mtoto anajua hesabu ya kodi ila hakuna anayejua bei ya bomba. Ugomvi wao si wako. Upangaji haufi pamoja na mwenye nyumba. Wajibu unahamia kwenye mirathi, na anayepokea kodi kwa niaba ya nyumba hawezi kuikana nyumba hiyo inapovuja. Mwulize ajenti, kwa maandishi, ni nani msimamizi wa mirathi na kodi yako inapelekwa kwa nani. Wengine hunyamaza wakiulizwa hivyo, kwa sababu hawakuwahi kuulizwa, na pengine kwa sababu kazi ya uajenti nayo ina sheria yake inayotaka mtu awe amesajiliwa.

Nije kwa shemeji yako. Ana moyo mzuri na ushauri wa hatari. Sheria ya Kenya haikupi ruhusa ya wazi ya kuzuia kodi kwa sababu nyumba ina kasoro, na mara tu unapokuwa na deni la kodi, wewe uliyekuwa mlalamikaji unageuka mdaiwa. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, bado ipo, na mwenye nyumba anaweza kumtuma dalali mwenye leseni akakamate vyombo. Hutaki kufika mahali pa kubishana mlangoni, watoto wakitazama, kuhusu kama charahani yako inachukulika au haichukuliki. Lipa kodi yako kabla ya tarehe 5 kama ulivyozoea. Baada ya kulipa, tuma ujumbe mfupi kwamba umelipa na kwamba kulipa huko hakuondoi madai yako ya matengenezo.

Njia ya kutumia kodi kwa fundi ipo, lakini hupita mlango wa mbele: ajenti au msimamizi wa mirathi akubali kwanza, kwa maandishi, kwamba utamlipa fundi kiasi fulani na kiasi hicho kitakatwa katika kodi ya miezi fulani. Ujumbe wa simu unatosha, maadamu una kiasi, kazi na miezi. Bila ruhusa hiyo, shilingi 26,000 zako zitahesabiwa kuwa ukarimu. Na kabla hujampeleka fundi huyo kwa mtu yeyote, tafuta bei ya fundi wa pili na wa tatu, na kila mmoja aandike kivyake bei ya bomba, ya vigae na ya kazi. Ukiniuliza, bomba jipya liwe la plastiki. Kurudisha chuma pale pale palipoliwa na chumvi ni kupanga miadi na Bi Mkubwa kwa miaka michache ijayo.

Tumefika kwake, na hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu ninadhani katika jambo hili lote umemkosea mtu asiyekuwa adui yako. Hebu lione kutoka chini. Mtu mzima amekaa tangu Ramadhani akimwaga beseni, godoro lake limelowa, taa inamchezea, na kila akigonga dari anaambiwa akakae Voi. Yeye haoni bomba. Anachokisikia ni mfereji wako ukifunguliwa na matone yakianza. Kelele zake za magharibi ni za kuudhi, nakubali, wala ngazi si mahali pa kutangazia. Lakini yeye ndiye mtu wa pekee anayeweza kuthibitisha maji yalianza lini, yanadondoka saa ngapi, na kwamba ulimwambia ajenti akaja akatazama dari na kuondoka. Ukienda kwa ajenti peke yako, wewe ni mpangaji msumbufu. Mkienda wawili, wa juu na wa chini, kisingizio kwamba "majirani wanalalamika" kinamrudia mwenyewe.

Nenda kamtake radhi kwa lile neno la Voi. Usiende na utetezi, wala usiende na ajenda ya bomba katika sentensi ya kwanza. Mwamkie, "Shikamoo mama," mwambie ulikosa, kisha mwombe akuonyeshe dari. Akishamaliza kusema yake yote, na yatakuwa mengi, mweleze juu ya jaribio la rangi na umwombe atie saini pamoja nawe barua ya kumpelekea ajenti.

Zile shilingi 12,000 usizikubali wala usizikatae siku hiyo. Ili akudai wewe, ni lazima ionekane kwamba uharibifu ulitokana na kosa au uzembe wako. Bomba likionekana limeliwa na kutu, dai lake linamwelekea mwenye jengo, naye akiwa mpangaji ana haki ile ile ya makao yanayofaa. Mwambie apige picha godoro na zulia kabla hajavitupa na aweke risiti kama anazo. Lakini kama tangu ulipojua maji yanavuja hukujali hata kufunga koki usiku, ujue mtu anaweza kukuuliza juu ya hilo, na swali lake litakuwa la haki.

Juu ya charahani, dada yangu, Bi Mkubwa ana haki. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo zinauhesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na viwango vya sauti katika maeneo ya makazi wakati huo ni vya chini sana. Sidhani kama kuna atakayekuja Tudor na kipimo kwa ajili ya charahani moja, ila sakafu ya zege husafirisha mtetemo kuliko unavyodhani ukiwa umekaa juu yake. Hamisha kazi ya kushona iishe saa 2, na usiku ubakie na kukata, kupiga pindo kwa mkono na kutia vifungo. Weka vipande vya mpira mzito chini ya miguu ya charahani. Kisha mwambie Bi Mkubwa umefanya hivyo, asije akadhani ukimya umetokea wenyewe.

Barua kwa ajenti iwe fupi, ielekezwe kwake na kwa msimamizi wa mirathi, iwe na tarehe, na muitie saini nyote wawili. Iandikeni kwa Kiswahili bila wasiwasi. Katiba inakitambua kuwa lugha rasmi. Inaweza kusema hivi:

"Sisi, wapangaji wa ghorofa ya kwanza na ya pili, tunakujulisha kwa maandishi kwamba maji yamekuwa yakivuja kutoka katika bomba lililo ndani ya sakafu tangu Ramadhani, jambo ambalo ulielezwa kwa mdomo na ukafika kuliona. Dari ya chini imevimba na maji yanakaribia nyaya za umeme. Tunakuomba ulete fundi ndani ya siku 14. Tutafungua milango siku yoyote kati ya saa 3 asubuhi na saa 11 jioni ukitujulisha siku moja kabla. Notisi ya siku 7 uliyomtumia mpangaji wa ghorofa ya pili haitambuliwi kwa kuwa haifuati Sheria ya Ardhi."

Lile neno la kufungua milango msiliache. Mwenye nyumba ana haki ya kuingia kwa saa za kufaa akague na kutengeneza, na kisingizio kinachopendwa na maajenti ni kwamba fundi alikuja akakuta kumefungwa. Tumeni nakala kwa simu, na ile ya karatasi mumpe mkononi na aitie saini nakala yenu.

Siku 14 zikipita kimya, msikimbilie mahakamani. Nendeni kwanza kwa mzee wa mtaa au kwa chifu, si kwa kuwa ana uwezo wa kuamuru, kwa sababu hana, na wala hana uwezo wa kumhamisha mtu, bali kwa kuwa warithi wengi husikia aibu kuitwa huko. Baada ya hapo, mlango ninaoupenda zaidi katika kisa chenu ni wa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo ya Mvita. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu kuwa kero makao yaliyo katika hali ya kuhatarisha afya. Afisa akiridhika anaweza kutoa notisi ya kuiondoa kero hiyo kwa muda maalumu, na inapotokana na kasoro ya jengo lenyewe, notisi hupelekwa kwa mwenye jengo, si kwa mkaaji. Notisi ya namna hiyo isipotiiwa, jambo huenda mbele ya hakimu bila ninyi kutoa ada ya wakili. Hapo ndipo warithi watatu hukubaliana ghafla.

Watu watakuelekeza kwenye baraza la kodi za nyumba. Usipoteze nauli: baraza hilo chini ya Sura ya 296 hushughulikia nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho hapa mjini kimebaki kwenye karatasi tu, na lile jingine ni la maduka na biashara. Amri ya kumlazimisha mwenye nyumba atengeneze utaiomba kwa hakimu anayesikiliza mambo ya ardhi. Madai ya fedha, kama godoro la Bi Mkubwa au diposti yako ikija kushikiliwa siku ya kuhama, yanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ipo Mombasa, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, hutakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na unaweza kusimama mwenyewe. Mkihitaji mtu wa kuwasomea karatasi, Kituo cha Sheria kina ofisi Mombasa na huwashauri wasio na uwezo wa kulipa wakili.

Siku ambayo fundi atakuja hatimaye, na ninadhani atakuja, msimwache azibe kabla nyote wawili hamjaona. Bi Mkubwa apande, mpige picha sakafu ikiwa wazi, na kile kipande cha bomba kilichokatwa mkiweke katika mfuko wa plastiki wenye tarehe. Mafundi hupenda kukitupa kwenye ndoo ya vifusi pamoja na vigae vilivyovunjika, na ajenti atakapodai baadaye kwamba mlilitoboa wenyewe, mtakuwa hamna cha kumwonyesha.